Mali Bila Daftari: Somo Kuhusu Kumbukumbu za Makaburi na Tarakilishi

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka huu, katika kurasa hizi za mafunzo, tumeamua kuutazama msemo huo mahali ambapo wengi wetu hatupendi kwenda, yaani makaburini. Usiogope. Hatukuja kukutisha kwa hadithi za mizimu. Tunataka kujifunza jinsi baraza la mji au kaunti inavyoweka kumbukumbu za watu waliozikwa na za wale waliochomwa, na jinsi kumbukumbu hizo zinavyohamishwa kutoka kwenye madaftari makuukuu hadi kwenye programu za tarakilishi zinazokaa katika kile kiitwacho "wingu".

Lugha yetu ina jambo la kupendeza hapa. Neno "kumbukumbu" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni yale tunayoyakumbuka moyoni, kama sauti ya nyanya alipokuwa akituita jioni. Maana ya pili ni maandishi yaliyowekwa ofisini ili yasisahaulike. Neno ni moja, kazi ni mbili. Kabla hatujamaliza somo hili tutaona kwamba kazi hizo mbili haziko mbalimbali jinsi tunavyodhani.

MFANO WA KUANZIA

Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka mashambani. Babake alizikwa mjini miaka thelathini iliyopita, kwa kuwa wakati huo jamaa hawakuwa na pesa za kumsafirisha hadi nyumbani. Sasa mama huyu amejaliwa kidogo, naye anataka kumjengea baba kaburi la saruji na kuliandika jina. Anafika kwenye ofisi ya makaburi asubuhi na mapema.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama. Keti. Tukusaidie na nini?"

"Mwanangu, natafuta kaburi la marehemu baba."

"Pole sana, mama. Unayo namba ya kaburi?"

"Namba sina. Karatasi iliungua nyumba ilipoungua. Lakini jina ninalo, na mwaka naujua."

"Mwezi je?"

"Mwezi siukumbuki vizuri, ila ilikuwa wakati wa masika."

Karani anainuka, anafungua kabati, anatoa daftari kubwa lenye jalada lililochanika. Kurasa nyingine zimeliwa na mchwa. Nyingine zimerowa maji, wino ukatawanyika. Anaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta jina moja miongoni mwa maelfu. Saa mbili zinapita. Mama amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, macho yakimfuata karani.

Basi jiulize: karani asipolipata jina lile, itakuwaje? Mama atarudi nyumbani bila kujua babake amelala wapi. Na akilikosea je? Hapo ni vibaya zaidi, kwani mama atamjengea mtu baki kaburi zuri na kumlilia baba wa mwingine. Isitoshe, daftari likikosea, wachimbaji wanaweza kupiga jembe mahali ambapo tayari pana mtu. Hayo ndiyo yaliyo hatarini tunapozungumza juu ya kumbukumbu za makaburi.

DAFTARI LA MAKABURI LINA NINI?

Mtu akifariki hapa Kenya, kifo chake huripotiwa kwa msajili. Kama amefia nyumbani, habari hupitia kwa naibu wa chifu. Ndipo kibali cha mazishi kinapotolewa. Kibali hicho kikifika makaburini, karani huandika katika daftari mambo kama haya: jina la marehemu, umri, tarehe ya kufa, tarehe ya kuzikwa, namba ya kibali, namba ya kaburi, na jina la jamaa aliyeleta maiti. Katika mambo hayo yote, uti wa mgongo ni namba ya kaburi. Majina hufanana. Akina Otieno ni wengi, akina Wanjiru ni wengi, na akina Mohamed ndio usiseme. Lakini kaburi moja lina namba moja, na namba hiyo huonyeshwa kwenye ramani iliyogawanywa kwa vitalu na safu.

Kwa hivyo mahali palipopangwa vizuri huwa na vitu vitatu vinavyoshikana mikono: daftari la majina, ramani ya makaburi, na kibao chenye namba penye kaburi lenyewe. Kimoja kikipotea, viwili vilivyobaki vinachechemea.

Nchini Uingereza, ambako mabaraza ya miji yamekuwa yakiendesha makaburi tangu karne ya 19, jambo hili limewekwa katika sheria. Agizo la mwaka 1977 kuhusu makaburi ya mabaraza linayataka yawe na ramani yenye namba za makaburi, yaweke daftari la mazishi yote, na yalihifadhi daftari hilo lisipotee wala kuharibika. Aidha, mwananchi ana haki ya kufika na kulitazama daftari hilo. Tena, baraza laweza kuipa familia haki ya kulitumia kaburi kwa muda wa hadi miaka 100. Hebu fikiria! Karani anayeandika mstari leo anaandika kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa, atakayekuja kuuliza wakati karani mwenyewe ameshakuwa mstari katika daftari.

Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyakabidhi makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na mahali pa kuchomea maiti kwa serikali za kaunti. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi shughuli za mabaraza ya miji na ya wilaya. Waliorithi ardhi ya makaburi ndio waliorithi pia jukumu la madaftari yake.

KUCHOMA MAITI: DAFTARI LABAKI PEKE YAKE

Wengi wetu tumezoea kuzika. Lakini kuna jamaa zetu, hasa Wahindu, ambao mila na dini yao huagiza maiti achomwe. Pia kuna Wakenya wengine waliochagua njia hiyo. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alichomwa huko Kariokor, Nairobi, mwezi wa Oktoba 2011. Hakutaka miti ikatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi. Uingereza nayo, siku hizi zaidi ya robo tatu ya wanaokufa huchomwa. Ndiyo sababu mabaraza ya huko huwa na madaftari ya aina mbili: ya waliozikwa na ya waliochomwa.

Sasa angalia tofauti. Aliyezikwa yupo. Daftari likikosea, mahakama inaweza kuruhusu kaburi lifukuliwe na ukweli ujulikane. Lakini aliyechomwa amebaki majivu ya kilo mbili tatu hivi, na majivu hayasemi jina. Kinachobaki kusema ni karatasi: nani aliingizwa tanurini, saa ngapi, majivu yalichukuliwa na nani au yalimwagwa wapi. Karatasi hiyo ikinyamaza au ikisema uongo, hakuna shahidi mwingine.

Jambo hili lilitokea kweli. Mjini Edinburgh, huko Uskoti, kuna mahali pa kuchomea maiti paitwapo Mortonhall, panapoendeshwa na baraza la mji. Kwa miaka mingi wazazi waliofiwa na watoto wachanga waliambiwa kwamba mtoto mchanga hachi majivu. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikafichuka kwamba majivu yalikuwepo, nayo yalikuwa yakizikwa kimyakimya katika bustani ya pale pale bila wazazi kujua. Uchunguzi uliofanywa na Dame Elish Angiolini, ambao ripoti yake ilitolewa Aprili 2014, ulionyesha pamoja na mengine jinsi kumbukumbu zilivyokuwa hafifu na zisizoaminika. Wazazi wengi hawakuweza kuambiwa kwa hakika mtoto wao yuko wapi. Mwaka 2016 Bunge la Uskoti likapitisha sheria mpya ya kuzika na kuchoma maiti.

Funzo ni nini? Hata ungekuwa na tarakilishi bora ulimwenguni, kama aliyeandika ameandika "hakuna majivu" na majivu yapo, tarakilishi itahifadhi uongo huo vizuri sana.

"WINGU" NI NINI HASA?

Tarakilishi, ambayo wengi wetu mtaani huiita kompyuta, huweza kuhifadhi majina laki moja na kukupa moja kati yake kwa kufumba na kufumbua. Zamani ofisi iliyotaka huduma hiyo ilinunua kompyuta yake, ikaiweka chumbani na kuifungia. Kompyuta ikiibwa, au chumba kikifurika maji, mambo yote yalikuwa yamekwisha.

Siku hizi kuna njia nyingine. Ofisi hukodisha programu na nafasi ya kuhifadhia data kutoka kwa kampuni yenye majumba makubwa yaliyojaa kompyuta. Karani hufungua programu hiyo kwa njia ya intaneti, akatia neno lake la siri, na kuandika. Alichoandika hakikai katika kompyuta iliyo mbele yake bali kule mbali. Huko "mbali" ndiko kunakoitwa wingu.

Lakini jina lisikudanganye! Wingu hili halielei angani. Ni jumba lenye kuta, paa, nyaya na umeme, na kama majumba mengine laweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021, jumba moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data yao yote.

Msomaji atasema, "Basi afadhali karatasi!" La, haba. Karatasi nazo huungua. Mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Ireland, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika majengo ya Four Courts mjini Dublin ilishika moto, na kumbukumbu za mamia ya miaka zikawa jivu. Kwa hiyo swali si karatasi au wingu. Swali ni hili: je, kuna nakala ngapi, na ziko mahali pangapi? Wahenga wetu hawakuweka mbegu zote katika ghala moja.

KAZI YA KUHAMISHA, HATUA KWA HATUA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Wengi hudhani kuhamisha kumbukumbu ni kununua programu, kubonyeza, kisha kazi imekwisha. Sivyo. Kazi kubwa ni ya macho na subira.

Kwanza, hesabu madaftari. Ni mangapi? Yanaanza mwaka gani hadi mwaka gani? Kuna mwaka uliorukwa? Daftari lililokosekana liandikwe kwamba limekosekana, pasiwe na kujifanya.

Pili, piga picha kila ukurasa. Ukurasa upigwe mzima, pembe kwa pembe, hata ule mtupu. Picha hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi baadaye mtu akisema, "Jina la mjomba wangu mmelikosea."

Tatu, nakili maandishi katika programu. Kila jambo liwe na nafasi yake: jina, umri, tarehe, namba ya kaburi. Kanuni hapa ni moja: andika unachokiona, si unachokidhani. Ikiwa daftari limeandika "Omari", usiandike "Omar" kwa sababu ndivyo wewe unavyopenda. Ikiwa neno halisomeki, andika kwamba halisomeki. Kama unaona ni kosa, liache jinsi lilivyo kisha uweke maelezo pembeni.

Nne, kagua. Njia nzuri ni watu wawili kunakili ukurasa mmoja kila mtu peke yake, halafu kompyuta ionyeshe walipotofautiana. Wawili huteleza, lakini ni nadra kuteleza mahali pamoja.

Tano, funga jina na ramani. Lazima mtu atembee makaburini, ramani mkononi, athibitishe kwamba kaburi namba fulani lipo na liko pale. Kazi hii haifanyiki kwa kukaa ofisini. Inataka viatu vigumu.

Sita, tunza daftari la zamani. Hili ndilo linalosahaulika. Kompyuta ikishajaa majina, wakubwa husema, "Karatasi hizi za nini tena? Zitupwe." Hapana! Daftari ni asili, programu ni nakala. Nakala ikitiliwa shaka, utarudi kwenye nini ikiwa asili umeitupa?

MAKOSA YANAYOJIFICHA

Kuna makosa ambayo hayaonekani upesi, nayo mwanafunzi makini ayajue.

La kwanza ni tarehe. Sisi na Waingereza tukiandika 3/4 tuna maana ya tarehe tatu mwezi wa nne. Mmarekani akisoma 3/4, kwake ni tarehe nne mwezi wa tatu. Programu iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani itazigeuza tarehe nyingi bila kupiga kelele. Tarehe 25/4 itaikataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, lakini 3/4 itaimeza tu. Kumbe marehemu amezikwa kabla hajafa!

La pili ni alama za "kama ya juu". Makarani wa zamani, ili kuokoa wino, hawakurudia neno lililo sawa na la mstari wa juu. Waliweka vialama viwili tu. Atakayenakili vialama hivyo jinsi vilivyo, mstari ukihamishwa peke yake, "juu" hapatakuwapo tena, na maana itapotea.

La tatu ni majina. Mohamed, Mohammed, Muhammad: mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa njia zote tatu katika karatasi tatu. Programu nzuri iwe na uwezo wa kutafuta majina yanayokaribiana, la sivyo itajibu "hakuna" na mama wa mfano wetu arudi nyumbani mikono mitupu.

La nne ni wasio na majina. Katika madaftari mengi kuna mistari kama "mtoto wa fulani" au "mwanamume asiyejulikana". Programu nyingine hukataa mstari usio na jina. Karani aliyechoka ataamua kuuruka. Akiuruka, amemzika mtu yule mara ya pili, na safari hii hata namba hana.

HATARI NYINGINE NA DAWA YAKE

Mbali na makosa ya mikono, kuna wezi. Mwezi wa Oktoba 2020, wahalifu wa mtandaoni waliivamia mitambo ya Baraza la Hackney, mjini London, wakayafunga mafaili yapatayo 440,000 yasifunguke. Huduma nyingi za wananchi zilikwama kwa miezi. Hapa Kenya, mwezi wa Julai 2023, mtandao wa eCitizen ulishambuliwa na watu wakashindwa kupata huduma kadhaa za serikali. Kwa hiyo ofisi ya makaburi lazima ijiulize: siku intaneti ikikatika, au umeme ukipotea, maiti ameshafika langoni, tutazika vipi? Jibu ni kuwa na ramani na orodha iliyochapishwa ya makaburi yaliyo wazi, na daftari dogo la kuandikia kwa muda mpaka mtambo urudi. Mwenye kiti hamngojei fundi wa kompyuta. Naye mfiwa hangoji zaidi.

Jambo la pili ni siri. Daftari la marehemu lina habari za walio hai pia: namba ya simu ya mjane, kitambulisho cha mwana, mahali wanapokaa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Jina la marehemu na namba ya kaburi vyaweza kuonyeshwa wanaotafuta jamaa zao. Lakini simu ya mjane si ya kuanikwa mbele ya kila mpita njia, maana matapeli nao husoma.

Jambo la tatu ni mkataba. Programu ni ya kukodi. Kaunti ikishindwa kulipa, au kampuni ikifunga milango, data itarudi kwa nani, na kwa umbo gani? Swali hili liulizwe kabla ya kutia sahihi, si baada. Majuto ni mjukuu.

KARIOKOR INATUFUNDISHA NINI?

Tulitaja Kariokor tulipozungumza juu ya kuchoma maiti. Je, wajua jina hilo lilitoka wapi? Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza walipopigana na Wajerumani hapa Afrika Mashariki, Waafrika wengi sana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Walibeba chakula na risasi vichwani, wakapita nyika na mabwawa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Mswahili ukakifanya Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa wingi, wengi wao si kwa risasi bali kwa malaria, kuhara damu na njaa.

Iko Tume, iliyoundwa mwaka 1917, inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola waliokufa vitani. Madaftari yake ni mazuri mno. Mwaka 1998 Tume hiyo ilikuwa tayari imeyaweka majina yake kwenye intaneti, na mtu popote ulimwenguni aliweza kumtafuta babu yake na kuambiwa alizikwa wapi, safu gani, kaburi gani. Lakini mjukuu wa mpagazi alipotafuta, mara nyingi hakupata kitu.

Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo Tume imekuwa ikiyatafuta majina katika nyaraka za kale.

Msomaji, tafakari. Hapa tarakilishi haikukosea hata kidogo. Ilitoa yote iliyopewa. Kosa lilifanywa miongo mingi kabla yake, pale mtu mwenye kalamu alipoona kwamba huyu ana thamani ya kuandikwa na yule hana. Wingu halijui asiyeandikwa. Jina la mtaa limebaki vinywani mwetu, ila majina ya watu wenyewe hayapo.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kuhamisha kumbukumbu za makaburi hadi kwenye wingu ni jambo jema. Mama wa mfano wetu angeulizwa jina na mwaka, na baada ya dakika chache angekuwa njiani kuelekea kaburini, karani akimwongoza kwa ramani. Lakini wema huo unategemea mambo matatu: aliyeandika mwanzo aandike kweli, anayehamisha ahamishe kama ilivyo, na asili itunzwe. Mashine ni mtumishi, nayo hubeba alichotwikwa.

Ndiyo maana twasema zile maana mbili za "kumbukumbu" ni ndugu wa tumbo moja. Kumbukumbu ya moyoni hufa na mwenye moyo. Kumbukumbu ya daftari ndiyo huipokea mzigo pale mtu anapoutua. Mama alimkumbuka babake miaka thelathini, lakini moyo wake haukuwa na namba ya kaburi.

Basi, ndugu wanachama, wakati wa likizo ukifika, usingoje kaunti. Chukua daftari la mazoezi la kurasa 32. Kaa na babu au nyanya jioni, muulize kwa upole: nani alizikwa wapi, mwaka gani, kando ya mti gani. Andika. Kisha nakili katika daftari la pili, umpe shangazi alitunze. Hapo utakuwa umeshaanza kazi ambayo mabaraza makubwa yanailipia pesa nyingi.

MSAMIATI

Asili: kitu cha kwanza ambacho nakala hutolewa kwacho.
Kibali cha mazishi: karatasi ya serikali inayoruhusu maiti azikwe.
Kitalu: sehemu moja ya makaburi iliyogawanywa na kupewa herufi au namba.
Mava: makaburini, neno la zamani ambalo lafaa lifufuliwe.
Mwanandani: nafasi inayochimbwa ndani ya kaburi, mahali anapolazwa maiti.
Nakala ya akiba: nakala inayowekwa mahali pengine ili itumike asili ikipotea.
Tanuri: mahali pa moto mkali, hapa, panapochomewa maiti.
Wingu: majumba ya kompyuta ambamo data huhifadhiwa na kufikiwa kwa intaneti.

MASWALI

1. Taja vitu vitatu ambavyo makaburi yaliyopangwa vizuri huwa navyo. Kimoja kikipotea, kuna hasara gani?
2. Kwa nini daftari la waliochomwa lina uzito kuliko hata lile la waliozikwa?
3. "Andika unachokiona, si unachokidhani." Eleza kanuni hii kwa kutoa mifano miwili kutoka kwenye somo.
4. Moto wa Dublin wa mwaka 1922 na ule wa Strasbourg wa mwaka 2021 unatufundisha jambo gani moja?
5. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "kumbukumbu" kwa maana zake mbili.
6. Mjadala: "Madaftari ya karatasi yatupwe mara tu yanapoingizwa katika tarakilishi." Unga mkono au pinga.